Shujaa Apimwe kwa Nini?



Baada ya mavuno ya mahindi ndugu wawili wa usharika wetu walitujia nyumbani jioni, mkubwa na mdogo wake, watu wa tumbo moja, na wote wawili wamekasirika. Mkubwa alikuwa na kitambaa mkononi. Akakifungua juu ya meza yetu, na ndani yake mlikuwa na nishani ya zamani, kipande cha madini cha mviringo, kidogo kuliko kifuniko cha mtungi. Iliachwa na babu wa baba yao, aliyekuwa askari. Imeguswa na vidole vya vizazi vinne hata sura na maandishi yamefutika, wala hapana mtu leo ajuaye ni mfalme gani aliyeitoa, wala mzee yule alipigana vita gani. Wajua neno moja tu, ya kwamba alipewa kwa ajili ya ushujaa.

Mkubwa ataka kuitia katika fremu na kuitundika ukutani, mahali wageni wanapokaa. Akatuambia, “Mchungaji, asiyewaheshimu wazee wake atamheshimu nani?” Mdogo akajibu, “Kaka, wewe hujui aliipata kwa kumwua nani. Pengine ni damu ya watu wasio na kosa. Na izikwe, yaishe.” Tena tulitambua ya kuwa ugomvi wao si wa nishani tu. Mwana wa yule mkubwa amemaliza shule, ana miaka 19, naye ataka kuingia jeshini. Wala si kuwa askari hivi hivi, bali mmoja wa wale wateule wanaochaguliwa kwa kazi ngumu. Baba ataka mtoto aione nishani kila siku na kupata moyo. Baba mdogo aogopa jambo lilo hilo.

Jioni ile hatukuwapa jibu. Tuliwaombea, tukawaomba watupe muda. Maana swali lao si dogo: Je, ushujaa wa mtu wafaa kusifiwa peke yake, bila kuuliza aliutumia kwa jambo gani? Haya tunayoandika ndiyo tuliyoyafikiri tangu siku ile.

Katika milima yetu ya Usambara liko jina ambalo wengi twalitaja bila kulifikiri. Ukitoka Soni waweza kufika Sakharani. Leo pale pana watawa wa Mtakatifu Benedikto, nao wana shamba, na mizabibu, na divai. Mgeni hudhani ya kuwa jina hilo ni la Kishambaa. Sivyo. Ni jina la utani la askari mmoja wa Kizungu, na maana yake ni mlevi, mtu aliyeleweshwa. Hakuitwa hivyo kwa sababu ya tembo wala ya divai. Aliitwa hivyo kwa jinsi alivyokuwa vitani, kama mtu aliyelewa, asiyeona hatari.

Mtu huyo alikuwa Tom Prince. Alizaliwa kisiwa cha Mauritius mwaka 1866. Baba yake alikuwa mtu wa Uingereza, lakini yeye alisomeshwa kwa Wadachi, ndio Wajerumani, akawa ofisa wao. Mwaka 1890 akaja katika nchi hii, katika jeshi la Kaisari. Mwezi wa Januari 1893 aliongoza vita juu ya ngome ya Isike, mtemi wa Unyanyembe, huko Tabora. Isike alipoona ya kuwa adui wameingia ndani, aliwasha baruti ya ghala yake, akajilipua asishikwe mzima. Mwaka 1894 Prince alikuwamo katika jeshi lililoivunja Kalenga, mji wa Mkwawa wa Uhehe. Mwaka 1896 akaijenga boma ya Iringa, akamwinda Mkwawa kwa miaka miwili porini na mlimani, mpaka tarehe 19 Julai 1898 Mkwawa alipojipiga risasi mwenyewe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Iringa kwa Prince.

Mwaka 1900 Prince aliacha jeshi, akaja kukaa na mkewe Magdalene katika milima yetu, katika shamba lile lililochukua jina lake la utani. Mwaka 1907 Kaisari alimtukuza, akampa neno “von” litangulie jina lake la ukoo, ndiyo alama ya watu wakuu kwa desturi ya Wadachi. Vita vikuu vilipoanza mwaka 1914 aliitwa tena. Tarehe 15 Agosti aliongoza kikosi kilichoteka Taveta. Kisha Waingereza walileta Tanga askari wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, na Wadachi waliowakabili hawakupita sana 1,000 pamoja na askari wao weusi. Waingereza walishindwa, wakarudi merikebuni. Lakini Prince hakuuona ushindi ule, kwa kuwa aliuawa katika mapigano ya mjini tarehe 4 Novemba 1914, mwenye miaka 48, akipigana na jeshi la nchi ya baba yake mwenyewe.

Basi, tumweke wapi mtu huyu? Tukimpima tutajua namna ya kupima nishani ya wale ndugu wawili.

Kwanza tuupime moyo wake. Kwa kipimo hiki hatuwezi kumkataa. Alikuwa mtu wa shamba, na miaka yake ya jeshi imekwisha. Wengine katika hali ile wangalitafuta udhuru. Yeye alikwenda, akafa mbele pamoja na askari wake, si nyuma yao. Kusema alikuwa mwoga ni kusema uwongo, na uwongo hautuinulii wazee wetu waliopigana naye. Lakini tukumbuke, mwizi avunjaye nyumba yenye mbwa wakali, usiku, naye ana moyo. Ushujaa ni kama panga: lakata kuni, lakata na mtu. Hatulisifu panga kwa ukali wake kabla ya kujua lilikata nini. Ushujaa ni nguvu, wala nguvu si haki.

Pili tulipime jambo alilolipigania. Wahehe hawakwenda Berlin kutafuta vita. Isike hakutuma majeshi kuichukua Udachi. Watu hawa walikuwa katika nchi yao, wakaambiwa wainame chini ya bendera wasiyoijua. Hapa mizani yaelemea upande mwingine, wala ushujaa wote wa Sakharani hauwezi kuirudisha. Mtu aweza kuwa jasiri sana katika kazi isiyompasa.

Lakini tusishangilie upesi, maana mizani ni moja kwa watu wote, na mwenye kupima kwa mizani mbili ni chukizo kwa Mungu. Sisi twamsifu Mkwawa, na haki yake ipo. Alipowashinda Wadachi Lugalo mwezi wa Agosti 1891 alikuwa akiilinda nchi yake. Kichwa chake kilitajwa hata katika mapatano ya amani ya Versailles ya mwaka 1919, na mwaka 1954 kikarudishwa Kalenga kwa heshima kubwa. Hata hivyo, kabla ya Wadachi kuja, mikuki ya Wahehe iliwafikia Wasangu na Wagogo, na mama wa Kigogo aliyechomewa nyumba yake hakuimba sifa za shujaa. Tusipokubali neno hili juu ya mashujaa wetu, hatuna haki ya kusema lolote juu ya Sakharani.

Tatu tuupime mkono wake. Askari amewatenda nini wale walioanguka chini ya uwezo wake? Katika Injili askari walimwendea Yohana Mbatizaji, wakamwuliza nao wafanye nini. Hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kudhulumu na kusingizia, akawaambia watosheke na mshahara wao. Maana yake, aliutazama mkono wao siku ambayo hakuna vita, wakiwa mbele ya mtu asiye na silaha. Huko Iringa Prince alimweka Mpangile, ndugu yake Mkwawa, awe mkuu wa Wahehe mahali pa ndugu yake. Na muda mfupi baadaye, mwaka 1897, Mpangile akatundikwa kwa amri ya boma. Kufa Tanga mbele ya bunduki kwahitaji moyo. Lakini kumwua mtu aliye mikononi mwako hakuhitaji moyo wowote, na hapo ndipo askari aonekanapo alivyo.

Wala kipimo hiki si cha Wazungu peke yao. Katika vita vya Maji Maji, toka 1905 hata 1907, mashamba na maghala yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Mikono iliyoshika vijinga vya moto ilikuwa mara nyingi mikono ya askari weusi. Baba mdogo yule alipotaka nishani izikwe alikuwa akifikiri hayo, wala hakukosa kuyafikiri.

Nne tuupime uhuru aliokuwa nao. Hapa twataka kukaa kidogo, kwa kuwa ndilo jambo linalosahauliwa na wenye kusifu na wenye kulaumu pia.

Mwaka 1526 Martin Luther alitoa kitabu kidogo juu ya swali hili, kama askari naye aweza kuwa katika hali ya wokovu. Alikiandika kwa ajili ya ofisa mmoja, Assa von Kram, ambaye dhamiri yake ilimsumbua. Luther alitenga kazi na mtu. Kazi ya upanga, alisema, yaweza kuwa ya haki, kama kazi ya mganga akataye kiungo kibovu ili mwili upone. Lakini mtu aifanyaye aweza kuwa mwovu. Kisha yule askari alikuwa na swali la pili: Bwana wangu akienda vitani bila haki, mimi nifanyeje? Luther akajibu ya kuwa ukijua kwa hakika ya kwamba hana haki, imekupasa kumtii Mungu kuliko watu, usiende, hata ukipoteza jina lako na mali yako. Na usipojua wala huwezi kupata kujua, usiuache utii kwa shaka tu.

Neno hilo lina nguvu, lakini twakiri ya kuwa liliandikiwa mtu mwenye farasi na elimu, aliyeweza kusema hapana. Tufanyeje juu ya kijana wa nchi hii mwaka 1895, aliyeingia jeshini kwa sababu ya mshahara, au kwa sababu kwao hakuna tena kwao? Bwana wetu alifundisha ya kuwa aliyepewa vingi atatakwa vingi. Prince alikuwa na vitabu, na lugha, na njia ya kurudi. Aliweza kuuliza sababu ya vita. Deni lake ni kubwa. Askari aliyemfuata aliweza kuuliza machache, na deni lake ni dogo zaidi. Dogo, lakini si bure. Pengine hakuweza kuizuia vita, lakini aliweza kutomnyang'anya mjane mbuzi wake.

Tena wako wengine waliokuwa na uhuru mdogo kuliko askari, nao ni wapagazi. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Katika vita vile vya 1914 hata 1918 Waingereza na Wadachi walikamata watu wetu kwa mamia ya maelfu wachukue mizigo, na makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, na kuhara, na homa, na kuchoka. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam umepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Huko Dar es Salaam twaiona pia sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, mtu wa shaba mwenye bunduki. Mpagazi hana kimo kile. Lakini aliyemsaidia mwenzake mgonjwa kubeba mzigo, hali yeye mwenyewe hajala siku mbili, ushujaa wake ni wa namna gani? Hakuna mfalme aliyemtafutia nishani. Basi tukisema nishani ni kipimo cha ushujaa, tumekwisha kumsahau aliyekuwa bora kuliko wote.

Sasa turudi mezani petu, kwenye nishani isiyosomeka.

Katika kitabu cha pili cha Samweli iko orodha ya mashujaa wa Daudi, wateule wa jeshi lake. Mumo humo twasoma ya kuwa Daudi alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, na watu watatu wakapenya katikati ya jeshi la Wafilisti, wakayateka, wakamletea. Daudi hakuyanywa. Aliyamwaga mbele za Bwana, kwa kuwa aliona ya kuwa anakunywa damu ya watu waliohatirisha roho zao. Hakuwalaumu wale watatu, wala hakuudharau moyo wao. Lakini aliogopa kuufanya ushujaa wao kuwa kinywaji chake. Ndugu, mara nyingi mlevi wa vita si askari. Mlevi ni yule aliyekaa mbali, akanywa ushujaa wa wengine, akaomba aongezewe. Kaisari alikunywa ushujaa wa Sakharani, akamlipa kwa neno “von”.

Daudi naye baadaye alilewa. Alimtuma Uria Mhiti, askari mwaminifu, na barua ya kifo chake mwenyewe mkononi. Na tukiifuata orodha ile ya mashujaa hata mwisho, jina la mwisho kabisa ni Uria. Mwandishi hakulificha. Waliosoma orodha ya utukufu wa mfalme waliisoma pamoja na dhambi yake. Twaona ya kuwa hiyo ndiyo njia ya kuwakumbuka askari: majina yao yasifutwe, wala hesabu isipunguzwe.

Basi tuliwaita wale ndugu, tukawapa shauri letu. Kwa mkubwa tulisema: usiitundike ukutani, kwa kuwa kitu cha ukutani chasema neno moja tu kila siku, nacho chawaambia watoto, huyu alikuwa mkuu. Kwa mdogo tulisema: usiizike, kwa kuwa ukiizika mtoto hatapata nafasi ya kuuliza, na asiyeuliza atakwenda vitani amelewa. Na ikae sandukuni pamoja na vyeti vya ubatizo vya jamaa yenu. Siku ya kuitoa, watoto waambiwe yote: babu alikuwa na moyo, hatujui alipigania nini, hatujui mkono wake ulimtenda nini aliye dhaifu, na ninyi mtakapokuwa wakubwa, fanyeni kazi ambayo watoto wenu wataweza kuisimulia bila kuruka neno.

Mkubwa alikubali, ila kwa huzuni. Mdogo hakukubali bado. Asema sanduku si kaburi. Tumemwacha, kwa kuwa dhamiri yake ni hai, na dhamiri iliyo hai haifai kunyamazishwa upesi.

Kisha tulimwita yule kijana, tukamwuliza, “Mwanangu, wataka kuwa askari kwa nini?” Akanyamaza sana, halafu akasema, “Nataka watu wakinitazama wajue ya kuwa nami ni mtu.” Tulimhurumia, maana ni vijana wangapi wa milima hii wanaotaka neno hilo hilo, wala hawana mahali pa kulipata. Hatukumkataza. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na kuichukua nchi ya Kagera, ni askari waliowarudisha watu makwao, na wako waliokufa kwa ajili hiyo. Kazi ya kumlinda jirani asiuawe ni kazi njema, na nchi isiyo na wa kuifanya ni nyumba isiyo na mlango.

Lakini tulimwambia, “U mtu tangu siku uliyozaliwa, jeshi halitakupa utu, laweza kukuomba uutoe. Basi kabla hujaapa, tafuta moyoni mwako amri moja ambayo hutaitii, hata ukiadhibiwa. Ukikosa kuiona, wewe si shujaa bado, u panga mkononi mwa mwingine.”

Hakujibu siku ile. Baada ya majuma mawili alikuja tena, tulipokuwa tukipalilia maharagwe, akasimama kando ya shamba na kofia mkononi. Akasema, “Mchungaji, nimeiona. Aliyeinua mikono sitampiga.” Tukamwambia aliweke neno hilo mahali asipoweza kulipoteza, maana litahitajiwa saa ambayo amechoka, na amekasirika, na rafiki yake amelala amekufa karibu naye. Saa ile hapatakuwa na mtu wa kumpa nishani kwa kuacha kupiga. Hata hivyo, twaona ya kuwa ushujaa wake wote utapimwa hapo.

Neema ya Bwana ikae nanyi nyote.